Vichupa Kumi na Viwili vya Injinia Ruhoro

Zuhura na Mashaka, meza yangu ya kuuza chupa sasa ni yenu. Nimewaachia waya, nimewaachia karai, nimewaachia na ule mti wenye vijiti wa kuanikia chupa kichwa chini. Kitu ambacho sikuwaachia ni maneno, kwa sababu siku ya kukabidhiana mlikuwa mnaangalia simu. Kwa hiyo nimeandika. Mimi nimesoma hadi darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza, ila herufi ninazijua zote na ninazipanga ninavyotaka. Kuna mtu aliomba daftari hili alisahihishe kwa kalamu nyekundu. Nimemkatalia.

Nilipata nini na nilijenga nini, hayo siyaandiki. Nyumba yangu ya Buzebazeba mnaiona, haijaanguka. Nitaandika kazi.

Nilifika soko la Mwanga, hapa Kigoma, kutoka Kasulu nikiwa na shati moja na nguvu nyingi. Aliyenipokea ni Bibi Sikujua, aliyekuwa akiuza mawese kwa chupa. Tangu afariki sijaona mtu mwenye pua kama ile. Siku ya kwanza alinipa chupa ishirini nioshe. Nikaziosha kwa sabuni mpaka zikang'aa, nikazipanga, nikasimama pembeni kifua mbele. Bibi akaja, akanusa ya kwanza, akairudisha kwenye karai. Akanusa ya pili, karai. Alizinusa zote ishirini, na zote ishirini zikarudi kwenye karai.

"Bibi, mbona zinang'aa," nikamwambia.

"Mteja wangu hali mng'ao," akasema. "Hii ilikuwa ya mafuta ya taa. Hii ya siki. Hii mtu alitia mkojo aupeleke hospitali, akaona aibu njiani akaumwaga. Osha."

Hapo ndipo nilipojua chupa ina kumbukumbu kuliko mke wa kwanza. Bibi akanifundisha mpango wake, na mimi sijaubadili hata hatua moja. Majivu ya moto kwanza, halafu maji ya magadi, halafu kokoto ndogo za ufukweni Kibirizi. Unatikisa mpaka bega liombe msamaha. Suuza mara tatu. Anika kichwa chini. Kisha nusa, pua ya kulia kwanza, ya kushoto ithibitishe. Mwisho kabisa ni kifuniko, na hapa ndipo wavivu wanapojulikana. Ndani ya kifuniko kuna kile kikaratasi au kimpira cha kuzuia kuvuja. Unaingiza kidole gumba, unakibonyeza, unakizungusha mara moja ili kikae sawasawa. Kidole gumba kikishapita, chupa imepasi.

Magadi na majivu vinakula mikono. Wiki ya pili tu mikono yangu ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Bibi akachovya vidole kwenye mawese, akanipaka mpaka kwenye kiwiko. "Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi," akasema. Nikashika hilo miaka arobaini na zaidi. Mpaka leo mikono yangu ni laini kuliko ya bibi harusi, muulizeni yeyote aliyewahi kunisalimia.

Kesi ngumu nimepata nyingi. Nitawapa moja. Alikuja bwana mmoja amevaa suti ya rangi ya maziwa, anakwenda kumposea mwanawe, anatafuta chupa nzuri ya kutilia asali ya kuwapelekea wakwe. Mtu mzima na suti yake akaingiza kidole kwenye shingo ya chupa apime upana. Kidole kikaingia, kikakataa kutoka. Tukavuta. Tukapaka sabuni. Nikachukua nyundo, akasema, "Mzee, ukikosea?" Nikamwambia sijawahi kukosea, ila sijawahi kujaribu. Muda ukamwishia, akaenda kwa wakwe hivyohivyo, chupa kidoleni. Alirudi jioni, wakwe wamekubali. Walikuwa wamekaa kimya tangu mwanzo mpaka mwisho, wakidhani ni mila ya kwao mposaji asemapo jambo anyooshe chupa. Nikampaka mawese kwenye kidole, nikavuta, chupa ikatoka na mlio. Mawese ni dawa ya vingi.

Sasa nifike kwenye habari ya vichupa, kwa sababu ndiyo iliyowapa meza hii mapema.

Kwanza mjue mimi sinywi. Sijawahi. Watu huniuliza, Mzee Haruna, wewe swala tano, unawauziaje wanywaji chupa? Nawajibu kwamba nauza kioo. Wanachokitia ni kati yao na makoo yao.

Palikuwa na wateja wangu watatu waliokuwa wakionja wiski. Sikusema wakinywa. Wakionja. Wanatia kidogo kwenye glasi, wananusa, wanaangalia dari, halafu wanaandika kwenye daftari kwamba inanuka moshi, au ngozi ya kiti, au tunda ambalo hata Kigoma halioti. Mkubwa wao alikuwa Injinia Ruhoro, aliyekuwa fundi mkuu wa mitambo kwenye meli za ziwani mpaka alipostaafu. Wa pili Papaa Ilunga, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kalemie zamani. Wa tatu Mwalimu Magreth, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyeji wa Singida, aliyeletwa Kigoma na kazi akabakizwa na ndoa. Mmoja wao akipata chupa kutoka safarini, walikutana barazani kwa Injinia wakaigawana. Wale wanaume wawili walichukua mafungu yao nyumbani kwenye chupa walizonunua kwangu, miaka mingi. Mwalimu hakuchukua. Alimaliza lake palepale, kwenye glasi yake mwenyewe, akatafuna karafuu, akarudi nyumbani kwa wajukuu.

Siku moja Injinia akaja mezani kwangu amenyong'onyea.

"Haruna, nahama. Binti yangu ananitaka Mbeya. Naondoka na treni ya Jumatatu, baada ya wiki mbili."

"Pole, au hongera?"

"Sijui bado. Nina chupa moja ya wiski. Alinipa nahodha wangu siku ninaagwa, sijawahi kuifungua. Nilikuwa naisubirisha jambo kubwa, sasa naona jambo kubwa lenyewe ni kuondoka. Nataka kuigawa mafungu kumi na mawili. Kila mtu manne. Kila mwisho wa mwezi, tarehe moja, saa moja, kila mtu afungue kichupa chake huku tumepigiana simu. Kwa hiyo nataka vichupa kumi na viwili, vidogo, vya kioo, vinavyofanana, visivyovuja, na visivyo na harufu hata ya jana."

"Kwa nini msiache kwenye chupa kubwa?"

"Ikishafunguliwa hewa inaingia. Wiski inachoka."

"Inachoka kama nani?"

"Kama wewe," akasema. Halafu akanisogelea. "Haruna, ni hii moja tu. Sitaipata nyingine, na yule nahodha alishakufa. Ikiharibika kwenye kichupa, imeharibika."

Nikamwambia aende alale.

Mnadhani vichupa vidogo ni rahisi kwa sababu ni vidogo. Mwizi wa usingizi ni kichupa kidogo. Nilianza na vichupa vya dawa ya kikohozi, vile vya kahawia. Nikaviosha siku tatu. Injinia akanusa kimoja, akakohoa. Nikapata vya ladha ya vanila kwa waoka keki. Vile hata ukivichemsha, nyumba nzima inasubiri keki. Nikapata vya chanjo ya kuku, vizuri, vinafanana, vina vifuniko vya mpira. Papaa Ilunga akakigeuza kimoja mkononi.

"Mzee, mi nikikunywa humu, nitataga?"

Vya rangi ya kucha vilikuja na brashi zake. Vya manukato nilijua mwenyewe havifai, ila nilivipeleka ili Injinia aone kwamba natafuta. Akasema akifungua hicho majirani watauliza harusi ni ya nani.

Ikabaki Ujiji. Kule kuna mama mmoja mjane, Bi Mwamini, ambaye marehemu mumewe aliwahi kuagiza boksi la vichupa akitaka kuuza marashi ya waridi. Waridi halikufika, mume akatangulia, boksi likabaki uvunguni. Nikaenda. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Nikaomba kuliona boksi. Likavutwa. Zuhura, Mashaka, sijawahi kuona kitu kama kile. Vichupa vya kioo cheupe, vipya, kila kimoja kimelala kwenye majani makavu, kifuniko cha bati cha kuzungusha, havijawahi kutiwa hata maji. Moyo ukanienda mbio kama nimeona mchumba.

"Unataka vya nini?" Bi Mwamini akauliza.

"Vya Injinia Ruhoro."

"Vya nini?"

"Wanagawana kitu na wenzake, anahama."

"Kitu gani?"

Mimi nyumbani kwa watu, nimevaa kofia, siwezi kusema uongo. "Bi Mwamini," nikasema, "kitu ambacho mimi sijawahi kukionja."

Akaniangalia. Akaangalia boksi. "Chukua. Ila kikishatiwa hicho kitu, kisirudi humu hata kama kimevunjika."

Nikarudi Mwanga kichwa juu. Nikavipanga mezani watu wavione. Mwalimu Magreth alikuwa anapita na kikapu, akasimama, akainua miwani.

"Una hakika havina harufu, Mzee Haruna?"

"Mwalimu, hivi ni vipya. Na mimi ndiye Haruna. Vikikutwa na harufu yoyote ile, naacha kazi."

Wauza dagaa walisikia. Wauza nyanya walisikia. Maneno yakishasikiwa na wauza dagaa, ni kama yametangazwa redioni.

Vipya au si vipya, kazi ni kazi. Nikaviosha kwa mpango wa Bibi Sikujua, majivu, magadi, kokoto, suuza mara tatu, anika, pua ya kulia, pua ya kushoto, kidole gumba kwenye kila kifuniko. Halafu nikafanya jaribio ambalo nawaagiza mlifanye siku zote kabla ya kazi nzito: nikavijaza maji yaliyochemshwa, nikafunga, nikavilaza siku mbili. Maji hayana pa kujificha. Kama chupa ina siri, maji yataisema.

Jumatano jioni tukakaa barazani kwa Injinia. Kila mmoja akapewa kichupa cha maji. Wakafanya mambo yao, wakanusa, wakaangalia dari.

"Maji," akasema Injinia.

"Iko mayi tu," akasema Papaa Ilunga. "Mayi muzuri."

Mwalimu akazungusha mdomoni, akameza. Akaonja tena.

"Mawese," akasema.

Tukacheka. Injinia akaonja cha kwake tena, hakuna. Papaa akachukua kichupa cha Mwalimu mwenyewe, akaonja, akatikisa kichwa. "Mama, mi sisikie kitu."

"Huwezi kusikia. Wewe umelelewa ndani ya pipa la mawese."

"Mwalimu," nikasema, na hapa nilikuwa nimeanza kupanda, "vichupa hivi vimetoka kwenye boksi, vipya. Mawese yameingilia wapi? Au ni wewe tu na alizeti yenu ya Singida mnaonea wivu?"

"Mzee Haruna, nimefika mji huu nikiwa msichana. Mwezi wa kwanza nilisikia mawese kwenye chai, kwenye mto wa kulalia, kwenye daftari za watoto. Nikawauliza watu, wote wakaniambia hawasikii. Nikaacha kuuliza. Lakini kusikia sijaacha."

Injinia alikuwa ameshika kichupa chake kwa mikono miwili. "Kama ni kweli," akasema taratibu, "wiski yangu siitii humu. Na kama siitii humu, sina pa kuitia. Jumatatu zimebaki siku tano tu."

"Si kweli," nikasema mimi.

"Basi vilale kwenye friji langu," akasema Mwalimu. "Mawese yakipoa yanaganda. Hata asiye na pua ana macho."

Hilo nililijua, maana hata Bibi Sikujua asubuhi za baridi alikuwa anayaanika mawese juani yayeyuke ndipo ayapime. Tukakubaliana.

Alhamisi asubuhi tukakutana jikoni kwa Mwalimu, tumesimama mbele ya friji kama tunaosubiri daktari atoke. Akafungua. Akatoa kichupa cha kwanza, akakiinua dirishani. Maji meupe. Nikavuta pumzi. Kisha akafungua kifuniko, akakigeuza. Ndani, kwenye kile kikaratasi, palikuwa na duara jembamba la rangi ya machungwa. Cha pili, duara. Cha tatu, duara. Vyote kumi na viwili.

"Boksi," nikasema. "Yule mume wa Bi Mwamini."

"Nipe mkono," akasema Mwalimu.

"Wa nini?"

"Mzee Haruna. Mkono."

Akakamata kidole changu gumba, akakibonyeza kwenye karatasi nyeupe kama mtu anayesainishwa mirathi. Alipokiondoa, pale kwenye karatasi palikuwa na alama yangu nzima, mistari yote, ya rangi ya machungwa. Akaiweka karibu na kifuniko. Hata Papaa Ilunga aliona. Miaka arobaini na zaidi nilikuwa nimetia sahihi kwenye kila chupa iliyotoka Mwanga, ya asali, ya siki, ya maji ya watoto, ya marashi, na Kigoma nzima haikusema neno kwa sababu jikoni kwa kila mtu kunanuka hivyohivyo. Na pua yangu ndiyo ya kwanza kunisaliti. Nilikuwa nanusa chupa kwa mkono uliopakwa kile ninachotafuta.

Nilikaa kwenye kigoda. Sitaki kuficha, nilihisi machozi.

"Nimesema naacha kazi," nikawaambia. "Naacha leo."

"Acha kesho," akasema Mwalimu. "Leo nifundishe kuosha. Mikono yangu haina mawese. Wewe kaa hapo, mikono ufiche kwapani, sema tu."

Basi nikasema. Hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini na ndiyo niliyofanya kazi kuliko zote bila kugusa kitu. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Kila nikisema "tikisa," anauliza mara ngapi. Nikisema mpaka bega liombe msamaha, anasema hicho si kipimo. Akahesabu mia mbili, akaandika kwenye daftari. Kokoto akataka kujua kwa nini za Kibirizi na si za kokote. Nikamwambia kwa sababu Bibi alisema. Akasema hilo nalo si jibu, ila akazitumia. Vifuniko aliviosha kwa maji ya moto, akabonyeza vikaratasi kwa mpini wa kijiko. Mpini wa kijiko. Zuhura, hilo lishike: tangu leo ni kijiko, na mpini uoshwe. Na kila mwezi mtafuteni mtu asiyetoka ukanda huu, awanusie.

Jumamosi tukaonja maji tena. Injinia, maji. Papaa, mayi. Mwalimu akazungusha mdomoni muda mrefu mpaka nikataka kuondoka.

"Maji," akasema. Mimi nikamshukuru Mungu.

Injinia akaleta chupa ya nahodha wake. Akaifungua. Akamimina kwa faneli ya karatasi, polepole, kama mtoto anayebeba uji. Vichupa kumi na viwili vikajaa, hakuna kilichozidi kingine. Tone moja likaanguka mezani, na Papaa Ilunga kwa umri wake wote akaliinamia akalilamba. Chini ya chupa kubwa pakabaki funda moja la kila mtu. Wakatia kwenye glasi.

Mwalimu akaonja, akafumba macho. "Safi," akasema. "Safi kabisa."

Injinia akaonja. Akaangalia dari. Akamwangalia Papaa. Papaa naye akaangalia dari, akaonja tena, akakwaruza ulimi kwa meno.

"Injinia, iko muzuri," Papaa akasema. "Ila..."

"Ila," akasema Injinia.

"Ila nini?" nikauliza.

"Ni nyembamba," akasema Injinia. "Inapita tu. Miaka yote nikifungua kichupa changu nyumbani, wiski inakaa mdomoni, ina uzito, mwisho wake unateleza. Nimeandika kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho wenye mafuta. Nilikuwa najivunia ulimi wangu."

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akavikusanya vichupa vyake vinne, akavitia kwenye mkoba, akaukalia.

Injinia alisukuma vyake vinne vikaja upande wangu wa meza. Papaa akasukuma vyake vinne. Vifuniko wakavilaza pembeni, tumbo juu.

"Haruna," Injinia akasema, hakuniangalia usoni. "Jumatatu naondoka. Kule Mbeya hawana kidole gumba kama chako."

"Mimi nimeshaacha kazi," nikasema. "Wauza dagaa wote wanajua."

"Mustaafu anaombwaka tu," akasema Papaa Ilunga. "Hatumwite kazini. Tunamwomba."

Nikawaacha wasubiri kidogo, maana na mimi ni mtu. Kisha nikakunja mkono wa kanzu, nikawauliza wanataka cha kulia au cha kushoto.